Ukoo wa Midomo ya Wino

Baba yangu, Abdurahmani, alizaliwa na madoadoa meusi midomoni, na alijivunia madoa hayo kuliko mikorosho yake yote. Yalikuwa madogo, kama ya mtu aliyeonja wino kwa ncha ya ulimi. Mengine yalikuwa kwenye mdomo wa chini, mengine ndani ya mashavu, ambako huyaoni mpaka mwenyewe acheke, na baba alikuwa mtu wa kucheka. Mama yake, Bibi Somoe, alikuwa nayo. Mimi pia ninayo, ingawa ya midomoni yamefifia kwa umri.

Hadithi ya ukoo ilikuwa hivi. Mzee wetu mmoja wa kale alikuwa mgumu wa kuhifadhi, kwa hiyo mwalimu wake akawa anamwandikia aya kwenye sahani, anaziosha kwa maji, na kumpa anywe, kama watu wanavyokunywa kombe mpaka leo. Alikunywa makombe mengi hata wino ukakataa kutoka, ukashuka kwa watoto na wajukuu. Ndiyo maana kuanzia Kitomanga mpaka Mtanda tukaitwa watu wa wino. Kwamba katika ukoo mzima hakuna aliyemaliza juzuu bila kuchapwa mpaka akimbie chuo, hilo halikumsumbua mtu. Wino ulikuwepo, kila mtu aliuona, mlitaka nini tena?

Tulikuwa pia watu wa kufa kwa tumbo, lakini hilo hatukulitungia hadithi. Kila maiti tulimpa sababu yake. Bibi Somoe alikufa kwa tumbo, na kosa likawa la ngisi aliyeletwa kutoka Lindi akiwa amelala njiani. Mjomba Huseni, kaka yake bibi, alikufa kwa tumbo, na kosa likawa la jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba. Shangazi Asumini alikufa kwa tumbo akiwa bado kijana, na hapo tukasema ni jicho la watu, maana alikuwa mzuri. Yule jirani alihama kwa aibu ya uchawi asiokuwa nao. Ngisi, kwa bahati yake, alikwisha kuliwa.

Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini, mwaka sabini na nne, tuliacha nyumba yetu katikati ya mikorosho tukapangwa mstarini kando ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Baba alifika kijiji kipya na kitambi. Hakikuwa kitambi cha utajiri. Kilikuwa cha muhogo, nazi na mke anayejua kupika. Lakini katibu wa tawi, kijana mwenye sauti nzuri aliyeletwa kutoka mbali, kila alipohutubia juu ya kupe na wanyonyaji, macho yake yalitua kwenye tumbo la baba yakatulia hapo. Baba, ambaye maishani hakuwahi kumwajiri mtu yeyote isipokuwa mama, na mama hakumlipa, alianza kukaa nyuma mikutanoni.

Halafu tumbo lenyewe likaanza. Alikula, akakaa kidogo, mara linamkata katikati, kwenye kitovu, linasokota na kunguruma hata sisi tuliokuwa chumba cha pili tunasikia. Baadaye linaachia, anatoka jasho, anasema alhamdulillah limepita. Kesho yake halipo. Wiki inakwisha halipo. Kisha linarudi, na safari hii anatapika. Mtu akishaumwa kila anapokula, hujifunza kuogopa sahani. Baba alikuwa anamega tonge mbili na kusema ameshiba, na mama aliona hiyo ni dharau ya mapishi yake, akanuna.

Kitambi kikayeyuka, mashavu yakafuata, na katibu akafurahi kupita kiasi. Walipokuja wageni wa wilayani, alimsimamisha baba mbele ya watu.

"Ndugu wananchi, mtazameni Ndugu Abdurahmani. Alikuja hapa na tumbo la kikabaila. Leo yukoje? Shamba la ujamaa limemtengeneza."

Tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilipiga, viganja vikawaka. Muda si mrefu baba akachaguliwa balozi wa nyumba kumi, kwa wembamba wake hasa, maana hakuwa na sifa nyingine mpya. Sasa mwambieni mtu wa namna hiyo kwamba uongozi wake ni ugonjwa.

Zahanati alikwenda. Mganga wetu, Dionis, alimfunua jicho akaona ndani kweupe, akamtazama viganja akaona karatasi. Akasema safura. Simlaumu. Kijiji kizima tulikuwa tunalima pekupeku kwenye udongo wa majimaji, na ukirusha jiwe ulikuwa unampiga mwenye safura. Akampa dawa ya minyoo. Haikusaidia, akampa ya amiba. Haikusaidia, akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwonya kwamba vitageuza choo kuwa cheusi, asiogope. Baba hakuogopa. Hakumwambia Dionis kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami tangu kabla ya vidonge, kwa sababu Dionis alikuwa rika la watoto wake, hakumwuliza, na balozi haanzishi mazungumzo ya choo chake na kijana. Basi damu ikawa inavuja ndani taratibu, na dawa ya damu ikaifunika.

Akaenda na kwa mwalimu, akaandikiwa kombe. Mtu aliyezaliwa na wino akaongezewa wino. Tumbo likanguruma vilevile.

Aliyeona mapema kuliko wote alikuwa Severini, na kwa bahati mbaya Severini alikuwa mtani.

Ukoo wetu na ukoo wa Severini ni watani tangu mababu. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, hilo halizuii kitu. Mtani anakutukana mbele ya wakweo nawe unacheka. Anaingia uani anakamata kuku wako, anakwenda kumchinja, halafu anakualika. Ukifa, mtani ndiye anashuka kaburini kabla yako, analala chali, anasema hapa pamemfaa, hatoki mpaka apewe chake. Anaiga maiti unavyotembea, unavyokohoa, ulivyokuwa bahili, na wafiwa wanapata pa kupumulia. Kumkasirikia ni kosa kubwa kuliko lolote analofanya.

Siku moja alimkuta baba barazani. "Mtani, unakwisha wewe! Shati lako linatembea peke yake. Nianze kuchimba?"

Watu wakacheka. Akaondoka, akarudi, uso umekunjamana. "Abdurahmani, safari hii sitanii. Wewe ni mgonjwa. Twende hospitali."

Wakacheka zaidi, maana mtani akisema hatanii, hapo ndipo utani umekolea. Baba alicheka mpaka akashika tumbo, na watu wakadhani analishika kwa kicheko. Severini akamfuata mama jikoni, akamwambia kwa machozi. Mama akacheka na machozi pia, kwani nani asiyemjua Severini kwa kulia misibani huku akichungulia chungu? Maskini yule mzee alikuwa na neno moja la maana la kusema maishani mwake, na ulimi aliokuwa nao ulikuwa wa mzaha tu. Mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Asubuhi waliyokuwa wanatarajiwa wageni wengine, wakubwa zaidi, kuja kutazama kijiji na balozi wake mwembamba, Severini alikuja na jembe na sepetu. Hakubisha hodi. Akapima kwa miguu mbele ya mlango wetu, akaanza kuchimba. Watu wakajaa kutazama. Mwalimu wa chuo akasema astaghafirullah, akabaki hapohapo asikose kuona mwisho. Shimo lilipofika kifuani, Severini akaweka zana pembeni, akalala chali humo ndani, akafunga mikono.

Baba akatoka na jogoo. "Haya mtani, chukua, utoke. Leo nina wageni."

"Jogoo kaa naye."

Akaongezwa kuku jike. Akakataa. Akaahidiwa mbuzi wa jirani, maana ahadi haina kazi. Akakataa.

Katibu akaja mbio, suti ya Chuo cha Siasa imepigwa pasi. "Ndugu! Toka humo mara moja! Gari la wilaya liko njiani!"

"Nitatoka," sauti ikasema kutoka chini. "Nataka mtani wangu apelekwe hospitali. Si zahanati. Hospitali ya kupasua."

"Nitakuweka ndani!"

"Niko ndani."

Wazee wakamvuta katibu kando, wakamweleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni asikae kwenye mkeka wa bibi harusi, kwamba mtani hakamatwi, hapigwi, hashtakiwi, na kaburi lake halifukiwi akiwa hajaridhika. Katibu alijua hotuba nyingi, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na mtani ndani yake. Akatazama barabara, vumbi la gari linakuja. Akatazama kaburi bichi mbele ya mlango wa balozi wake wa mfano. Akaamua kama kiongozi. Wageni waliposhuka tu, akawaambia Ndugu Abdurahmani anahitajika Lindi kwa kazi za chama, akamsukumia baba kwenye Landrova ileile, na mama nyuma yake. Severini akatoka shimoni, akakung'uta udongo, akapanda bila kualikwa. Ndivyo baba alivyofika hospitali: ili uwanja uonekane safi.

Kutoka Lindi mjini Severini akawapakia kwenye lori mpaka hospitali ya wamisionari huko bara, alikokuwa anakujua. Ya huko nilihadithiwa na mama, na mama haongezi chumvi hata kwenye mchuzi.

Daktari alikuwa sista, mama mtu mzima. Alimfunua baba macho, akamshika tumbo, halafu akamwambia afungue kinywa. Baba akafungua kwa mashaka. Sista akavuta shavu kwa kidole, akachungulia, akamwita mwenzake naye achungulie.

"Daktari," baba akasema alipoachiwa, "tumbo liko huku chini."

"Najua, mzee. Haya madoa umezaliwa nayo?"

Hapo baba akasahau maumivu. Akakaa vizuri, akaanza na yule mzee wa kale na sahani zake, chuo na makombe, mpaka wino ulivyokataa kutoka. Sista akasikiliza yote. Kisha akauliza nani mwingine katika ukoo alikuwa nayo, na baba akafurahi zaidi, maana hakuna aliyewahi kumwuliza kwa utaratibu hivyo.

"Mama yangu, Somoe binti Makwinya."

"Yuko wapi?"

"Ametangulia. Tumbo. Alikula ngisi mbovu."

"Na mwingine?"

"Mjomba wangu Huseni. Huyo wino wake ulikuwa mpaka vidoleni! Naye ametangulia."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Tumbo. Kulikuwa na jirani..." Mama anasema hapo sauti yake ilianza kupungua.

"Na mwingine?"

"Dada yangu Asumini," baba akasema. "Tumbo." Hakutaja jicho la watu. Hakutaja kitu. Akanyanyua kiganja akaifunika midomo yake, kama mtu aliyegundua amekaa uchi.

Sista akamwacha kidogo. Halafu akauliza kama yuko aliye hai. Baba akasema, kiganja kikiwa bado mdomoni: "Binti yangu. Esha."

Wakampima choo, wakakuta damu. Wakamnywesha uji mweupe mzito kama chokaa, wakampiga picha uji ukiwa unashuka, na mahali fulani katikati ya utumbo mwembamba uji ule ukasita, ukapita kwa kujikamua. Sista akawaeleza kwamba huo ni utumbo mrefu sana, umejikunja katikati, mkono haufiki wala jicho, na ugonjwa wake ni wa nadra. Kwa hiyo kila mtu hutibu kwanza yale yanayojulikana, na hata kwao Ulaya hugundulika umechelewa. Watu wa madoa kama yale, akasema, wengi huota vinyama ndani ya utumbo, na vinyama hivyo hurithiwa pamoja na madoa. Hukaa miaka vikivuja damu kidogo kidogo. Wakati mwingine utumbo hujimeza wenyewe ukitaka kuvisukuma, ndilo lile sokoto linalokuja na kuachia. Na kimoja katika vingi huweza kugeuka kansa.

Cha baba kilikuwa kimekwisha kugeuka. Wakampasua, wakakata kipande na kuunga. Lakini ini nalo lilikuwa na mbegu zake, na sista hakumficha. Baba akauliza swali moja tu, lini lori linarudi Lindi.

Aliporudi, katibu alimpokea kwa makofi, maana sasa alikuwa mwembamba kuliko kiongozi yeyote wa mkoa. Baba hakumtazama. Alinitafuta mimi kwa macho.

"Mwanangu, tumbo lako vipi?"

"Zuri, baba."

Nitawaambia kwa nini nilijibu hivyo. Nilikuwa nimeposwa na Abilahi wa Mtanda, kijana mwenye cherehani yake, ambaye katika kuniposa aliwaambia wazee wazi kwamba amependa midomo. Harusi ilikuwa karibu. Na msichana mwenye mchumba akionekana anatapika, hakuna atakayemwuliza kama anaumwa, watahesabu miezi. Nilikuwa natapika nyuma ya choo na kufukia kwa mguu. Ningekufa kwa heshima, kama Shangazi Asumini, na mngenitafutia jicho.

Akaniuliza tena kesho yake, nikaapa. Mama akaniuliza, nikaapa tena. Lori la kwenda Lindi likapita, likapita jingine.

Ikafika siku ya kutwanga mpunga wa harusi. Wanawake wamejaa uani, vinu vinalia, mama mkwe mtarajiwa amekaa kwenye kiti cha heshima. Shimo la Severini lilikuwa bado wazi mbele ya mlango, kwa sababu alikuwa ameapa kulifukia baba akipona, na tulikuwa tunalizunguka kama fanicha. Baba akatoka ndani. Akavua kandambili akaziweka pamoja ukingoni. Akashuka, polepole kwa ajili ya mshono, akalala chali.

Vinu vikanyamaza kimoja kimoja.

Baba si mtani wa mtoto wake. Mtani wako ni wa mbali. Baba ni wa shikamoo na marahaba. Jambo lile halikuwa na jina, na mtu mmoja aliyeanza kucheka alijikuta peke yake akaacha.

"Sitoki," baba akasema, "mpaka Esha apande lori."

"Baba Esha, toka, unatutia aibu mbele ya watu," mama akasema.

"Ndiyo."

Wakamwita Severini, maana mambo ya kaburi ni yake. Akaja, akasimama ukingoni, akatazama chini. Yule mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema hata mbele ya askofu, akavua kofia tu. Nikasogea. Baba alikuwa na udongo kwenye nywele. Akaniona, akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole kama alivyofanyiwa na sista, nikaona madoa yake yote mpaka ya ndani kabisa.

"Tazama vizuri, mwanangu. Si wino huu."

Nikaanza kulia. Nikasema, mama mkwe akinisikia, na kijiji kizima, kwamba tumbo linaniuma tangu mfungo uliopita, linasokota na kuachia, na natapika. Nikasikia nyuma yangu wanawake wanaguna na kuanza kuhesabu miezi, kama nilivyojua watafanya. Baba akafumba macho kwa kuridhika.

"Basi," akasema. "Nipe mkono nitoke."

Nikamvuta kwa nguvu zangu zote, kama nilivyoujua uzito wa baba yangu. Alikuwa mwepesi hata nikayumba nyuma, nikakaa chini.

Kwangu walikuta vinyama kadhaa, wakavitoa vikiwa vinyama tu, na mpaka leo kila baada ya muda narudi kutazamwa. Abilahi alinisubiri, mama yake alisubiri pia, akihesabu kwa vidole, mpaka miezi ikapita na hakuna kilichozaliwa. Wanangu wawili wana midomo ya wino, na hao hawakuambiwa ile hadithi mpaka walipokuwa wamekwisha kwenda hospitali.

Baba alifariki msimu wa korosho uliofuata. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo hili niliambiwa. Kabla ya kumteremsha, Severini alishuka kama ilivyo desturi, akalala chali. Wanaume wakasogea na kuku, wakamwuliza leo anadai nini. Akakaa humo akitazama juu. Halafu akasema alikwisha kulipwa, akaomba mtu ampe mkono atoke.